Bado Imekaza

Leva ya gia ilianza ukaidi siku ya Jumanne, wakati Fundi akipeleka sketi arobaini za sare kwenye shule iliyo juu ya mlima. Mzigo ulikuwa umefungwa nyuma yake kwa mipira, umemzidi kimo. Alipofika chini ya mlima akakanyaga ili arudi gia ya pili, leva ikamgomea. Akakanyaga tena kwa uzito wake wote. Ikashuka kwa kishindo, pikipiki ikashtuka, mzigo ukalala upande mmoja, na Fundi akaupanda mlima mzima kama mtu aliyebeba mlevi mgongoni. Kurudi nako hakukuwa na nafuu. Kila alipotaka kupandisha gia ilimbidi ainyanyue leva kwa ncha ya kiatu kama anayeng'oa kisiki. Alipofika nyumbani ngozi ya kiatu cha kushoto ilikuwa imechubuka na kidole gumba kimevimba.

Watu walimwita Fundi kwa sababu ya cherehani. Alikuwa na vyerehani viwili katika chumba cha mbele, meza ya kukatia, na ukuta uliojaa vipimo vya watoto wa shule tatu. Pikipiki ilikuwa ya mumewe. Aliinunua ikiwa tayari imeshazeeka kwa mtu mwingine, kabla hata hajaoa, na kwa kuwa ilitangulia kuingia katika nyumba ile, mama mkwe aliibandika jina la Mke Mkubwa. Fundi alipokuja kuolewa alionyeshwa chumba, jiko, kisima, kisha akapelekwa uani kumwamkia mwenzake.

Mume alikuwa mchomeleaji vyuma. Miaka miwili na miezi minne ilikuwa imepita tangu aende nchi ya mbali kujenga daraja juu ya mto mkubwa. Wiki ya mwisho kabla ya safari alimfundisha mkewe kuendesha, jioni baada ya jioni, kwenye uwanja wa mpira, akikimbia pembeni huku ameshika kiti cha nyuma. Jioni ya nne aliachia bila kusema, naye Fundi akazunguka uwanja mzima akimsemesha mtu aliyekuwa amebaki golini. Mungu alikuwa hajawajalia mtoto. Nyumbani walibaki wanawake wawili na ile pikipiki.

Siku ya pili yake Fundi aliikokota hadi kwa fundi wa pikipiki wa njia panda. Yule bwana aliinama, akabonyeza leva mara mbili kwa mkono, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. Alisema gia zimekufa, injini lazima ipasuliwe, aiache hapo wiki mbili. Fundi alimshukuru, akageuza. Alikuwa amewahi kuambiwa maneno hayohayo juu ya cherehani, kumbe ndani palikuwa pamesongwa na uzi na manyoya ya kitambaa tu.

Siku za kazi mumewe hakuwa akipiga simu. Siku yake ilikuwa Jumapili, saa saba mchana. Lakini simu za Jumapili nazo zilikuwa zimekonda. Mwaka wa kwanza waliongea mpaka sikio likapata moto. Mwaka wa pili wakawa wanaulizana habari, wanajibizana nzuri, anauliza kama mama anakula vizuri, anaambiwa anakula, kisha kila mmoja anamsikiliza mwenzake akipumua mpaka mmoja aseme haya, tutaongea. Fundi alipokata simu alibaki na njaa ambayo hakujua aiweke wapi. Hakuwa na shaka kwamba anapendwa. Shida ni kwamba yale mapenzi yalikuwa hayana cha kushika.

Jumapili ile, salamu zilipokwisha na ukimya ukaanza kuingia, Fundi akasema tu, ili kuwe na la kusema, kwamba leva ya gia imekaza na fundi wa njia panda anataka kupasua injini.

Sauti ya upande wa pili ikabadilika kama mtu aliyeamka.

"Hajaigusa?"

"Hajaigusa. Niliondoka nayo."

"Usimruhusu mtu afungue injini ile. Hebu niambie polepole. Inakaza ikiwa ya moto au hata asubuhi ikiwa ya baridi? Kupanda au kushuka?"

Akamwuliza maswali kumi na moja. Fundi aliyahesabu baadaye kitandani, akiyarudia moja moja. Akamwuliza kama alishawahi kuanguka nayo, kama anaosha kwa maji mengi, kama sauti ni klak au ni kruu. Hata akamtaka atoke nje na simu asimame karibu na pikipiki, kana kwamba wakiwa watatu mambo yatakuwa wazi zaidi. Mwisho alisema waanze na klachi, maana klachi isiyoachia vizuri huifanya gia iwe nzito. Kesho saa ya chakula atapiga.

Fundi alifikiri hakusikia sawasawa. Kesho ilikuwa Jumatatu.

Jumatatu alipiga kweli. Fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, simu imebanwa kati ya sikio na bega, mkononi ana spana zilizokuwa zikilala kwenye kopo la maziwa. Mumewe alimwelekeza kwenye kebo ya klachi, akamwambia mkono wa klachi ucheze kidogo kabla haujaanza kuvuta, upana wa sarafu mbili, usizidi. Fundi akakaza, akalegeza, akapima kwa kidole. Gia ikawa na nafuu ya kujidanganya. Jumanne wakamwaga oili. Ilitoka nyeusi na nzito, na mumewe akaomba aelezewe ilivyo. Aliposikia inanuka kuungua akaguna kwa majuto, kama baba aliyeambiwa mwanawe hakula siku tatu. Wakaweka mpya. Leva ikabaki palepale.

Jumatano ndipo walipoushika ugonjwa. Alimwambia atafute kifimbo cha chuma kinachounganisha leva na mkono mdogo unaoingia ndani ya injini, akifungue.

"Kimetoka? Sasa shika ule mkono mdogo kwa vidole vyako, uuzungushe. Huku unasukuma gurudumu kidogo."

Fundi akauzungusha. Ukaenda bila ubishi, ndani ya injini gia ikaitika, klak, laini kabisa.

"Sasa ishike leva yenyewe."

Leva ilikuwa kama imepigwa misumari. Mumewe akacheka kule aliko. Fundi hakuwa amekisikia kicheko kile kwa muda mrefu, kile kinachoanzia puani. Akamweleza kwamba injini ni nzima, hakuna gia iliyokufa, leva imeshikwa na kutu kwenye pini yake inapobembea, basi. Matope na maji ya barabara ya mlimani yameingia humo yakakaa. Fundi alielewa kabla hajamaliza. Kikanyagio cha cherehani yake ya zamani kilimfanyia vivyo hivyo masika ya juzi.

Alhamisi ilikuwa ya kumimina mafuta kwenye pini na kungoja yapenye. Hapakuwa na kazi, lakini mumewe alipiga, wakaongea nusu saa nzima juu ya kungoja mafuta yapenye.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kufungua duka, Fundi alichukua nyundo na kipande cha chuma, akagonga pini mara nne. Mara ya tano ikateleza nje, nyekundu kwa kutu. Akaisugua kwa msasa mpaka ikang'aa, akazungushia kitambaa kwenye bisibisi akasafisha tundu lake kwa mafuta ya taa, akapaka grisi, akarudisha kila kitu. Akawasha. Akaingiza gia ya kwanza kwa kidole gumba cha mguu tu, kile kilichokuwa kimevimba. Alizunguka mitaa mitatu akipanda na kushuka gia bila sababu, huku akitabasamu peke yake, na muuza mkaa akamwuliza kama amepata habari njema.

Mpaka saa saba alikuwa ameshayapanga maneno. Angempa habari ile kidogo kidogo, kwanza pini, halafu kutu, halafu zile gia. Simu ikalia.

"Imetoka?" mumewe akauliza, bila hata salamu. Nyuma yake vyuma vilikuwa vinagongana na watu wanaitana kwa lugha ambayo Fundi hakuijua.

Fundi akafumbua kinywa. Akaona mbele yake kesho, na keshokutwa, na Jumatatu, saa saba zote tupu.

"Bado," akasema. "Bado imekaza."

"Usijali," mumewe akasema, na sauti yake haikuwa na masikitiko hata chembe. "Kesho tutajaribu njia nyingine."

Hivyo ndivyo Fundi, ambaye hata kitambaa kinachobaki humrudishia mwenyewe, alivyoanza kuongopa. Kila siku alikaa kwenye kigoda pembeni ya pikipiki nzima, akatekeleza matibabu ya mgonjwa aliyekwisha kupona. Alimimina mafuta pasipohitaji mafuta. Aligonga spana kwenye chuma cha kukanyagia ili mumewe asikie kazi ikifanyika. Akihema kidogo, kwa kutia chumvi, mumewe alimwambia apumzike, na katika kupumzika huko ndimo maneno yalimopita.

Mumewe alimsimulia kwamba kule wanalala wanne chumba kimoja na mmoja wao huongea usingizini na mbuzi wake. Alimwambia jambo ambalo hakuwahi kulisema, kwamba mwaka jana cheche zilimchoma mkono na akakaa siku tisa bila kazi, na Jumapili zote mbili za hapo alijibu kwamba habari ni nzuri. Fundi naye akasema ya kwake. Kwamba siku hizi hawezi kutunga uzi bila kwenda dirishani, macho yameanza kumwacha. Kwamba analala upande wa mumewe wa kitanda, kwa sababu akilala upande wake, akinyoosha mkono anakuta nafasi. Alipokwisha kusema hilo alisikia aibu kama msichana, akagonga chuma kwa spana mara mbili.

"Nimesikia," mumewe akasema kwa upole. "Acha kugonga."

Mama mkwe hakuwa mtu wa kupitwa na jambo. Jumamosi asubuhi alimwona mkwewe akiondoka na pikipiki inayonguruma kwa raha zake, mzigo wa mashati nyuma. Mchana akamsikia uani akilalamika kwenye simu kwamba leva haisogei. Simu ilipokwisha alipita na beseni lake la nguo.

"Huyu Mke Mkubwa ana maradhi ya mchana tu," alisema. "Asubuhi nimemwona mzima wa afya."

Fundi alitafuta pa kuficha uso. Lakini kuanzia siku hiyo, ikikaribia saa saba, mama mkwe alijitwisha mkeka wake akaenda kukaa kwa jirani.

Jumapili ya pili baada ya hapo, siku ya kumi tangu aanze kuongopa, mumewe alisema amefikiri sana usiku, na kwamba hawezi kutibu asichokisikia. Akamtaka aiweke simu juu ya chuma cha kukanyagia, karibu kabisa na leva, akanyage gia ya kwanza, yeye asikilize.

Fundi aliitazama simu ilivyolala pale. Angeweza kugonga kitu, angeweza kukwaruza. Lakini mumewe aliijua pikipiki ile kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe, na Fundi alikuwa amechoka. Akavuta klachi, akakanyaga. Leva ikashuka kwa mlio mdogo, safi, kama kifungo cha chuma kinapojifunga.

Fundi akauondoa mguu juu ya leva.

"Hiyo haijakaza," mumewe akasema.

"Haijakaza."

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa ile asubuhi." Aliichukua simu akaiweka sikioni. "Ungeacha kupiga. Tungerudi kwenye mama anakula, mama hajambo. Sikutaka kurudi huko."

Alingoja akaripiwe, au achekwe. Kicheko kile cha puani kingemtosha. Badala yake alisikia mumewe akivuta pumzi ndefu, akisogea mahali pasipo na kelele nyingi.

"Na mimi nina neno," alisema. "Wameniomba nibaki mpaka daraja liishe. Mwaka mmoja zaidi. Nimekubali. Nilitia saini Jumatatu ile tuliyoanza na klachi."

 Akili ya Fundi ilirudi nyuma, ikapita siku moja moja: klachi, oili, kifimbo, pini, yule mwenye mbuzi, upande wa kitanda. Kila siku lile neno lilikuwapo, limekaa chini ya maneno mengine.

"Walikulazimisha?"

Angeweza kusema ndiyo, na Fundi angemwamini. "Hapana," alisema. Akamweleza kwamba daraja linajengwa kutoka ng'ambo zote mbili na bado hazijakutana, katikati kuna pengo la urefu wa nyumba kumi, na kwamba yeye ndiye aliyechomelea upande wa huku tangu chuma cha kwanza. Alitaka awepo siku pande hizo mbili zitakapogusana. "Wewe ungempa mtu mwingine nguo yako aimalizie?"

Asingempa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba alimwelewa. Akakata simu.

Siku tatu simu ililia saa saba, ikalia mpaka ikachoka. Fundi alishona. Alikata kola sitini, akakosea sita, jambo lisilo kawaida yake. Jumatano alifunga duka mapema akawasha pikipiki bila mzigo wowote, akapita shule ya mlimani, akapita machimbo ya mawe, akaenda mpaka pale lami inapokatika na kuanza vumbi. Gia zilipanda na kushuka kama siagi. Alizima, akakaa juu ya kiti. Zamani, alipokuwa akipakiwa nyuma kwenye njia hiyohiyo, alikuwa akilaza shavu kwenye mgongo wa mumewe, shati linanuka chuma kilichoungua, na maneno aliyosema mbele yalimfikia kupitia mifupa kabla ya kufika masikioni. Sasa aliketi mbele, mahali pa mumewe, na mgongoni upepo ulimpitia. Alimtaka. Hakuutaka msaada wake wala maelekezo yake. Aliutaka ule mgongo. Alilia kwa dakika chache, akajifuta kwa ncha ya khanga, akageuza kabla jua halijashuka.

Jioni hiyo mama mkwe alimkuta jikoni akichagua mchele uliokwisha kuchaguliwa. Aliketi karibu naye, akaivuta sinia upande wake.

"Amenipigia mimi," alisema. "Amenieleza yote. Mimi ndiye niliyemzaa na mimi pia sikuulizwa."

Fundi akasema hana hamu ya kuongea naye.

"Sikwambii umsamehe, mwanangu. Kasirika. Lakini mkasirikie akiwa anasikia. Huku jikoni unanikasirikia mimi na mchele."

Alhamisi, saa saba kasoro dakika mbili, Fundi alipiga yeye. Simu ya kule haikumaliza mlio wa kwanza. Akamwambia yote bila kupandisha sauti, na kwa sababu hakupandisha sauti mumewe hakuthubutu kumkatiza. Alimwambia kwamba daraja ameelewa, na kama angemwuliza kabla, huenda angemwambia baki. Kilichomchoma ni kule kutoulizwa.

"Ukitaka kunificha jambo tena," alisema, "nifiche kwenye salamu. Usinifiche nikiwa nimekaa chini na oili mpaka kwenye viwiko, nakwambia ninavyolala."

Mumewe akasema nisamehe. Hakuweka neno jingine mbele wala nyuma yake. Kisha, kwa sauti ya mtu asiyejua kama anaruhusiwa, akasema ameomba likizo, wamemkubalia siku thelathini, mwezi wa nne kuanzia sasa.

Fundi hakusema ahsante. Aliuliza tarehe kamili, ya kuondoka kule na ya kufika, akaziandika zote mbili kwa chaki ya kukatia kwenye ubao wa meza, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Akauliza atakaa siku ngapi njiani, na zile siku za njiani zinahesabiwa kwenye thelathini au la. Zilikuwa zinahesabiwa. Akapiga mstari, akaandika ishirini na sita.

Tangu hapo mumewe hupiga kila mchana. Hakuna tena kisingizio, na siku nyingine hakuna cha kusema pia. Fundi huilaza simu pembeni ya cherehani, sauti imefunguliwa, akaendelea na pindo lake. Kule mumewe anakula. Kijiko kinasikika kikikwangua bakuli, mtu anapita anamtania, anajibu kwa lugha ile ya kigeni, kisha anarudi kutafuna. Mama mkwe, ambaye ameurudisha mkeka wake uani, hutupa salamu kupitia dirishani bila kunyanyuka. Kengele ya kazi ikilia, mumewe husema naenda, Fundi husema nenda. Halafu mguu wake unasimama juu ya kikanyagio, na yeye anasikiliza hatua za mtu anayetembea juu ya vyuma mpaka laini inapokatika yenyewe.